Dalili ya Mvua ni Mawingu: Usomaji wa Viashiria vya Mchochota katika Ugonjwa wa Nimonia

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mkulima yeyote aliyewahi kuitazama anga msimu wa masika anajua kwamba mawingu si mvua yenyewe. Yapo mawingu yanayotanda mchana kutwa kisha yakatawanyika bila kudondosha tone, na ipo mvua inayomnyeshea mtu njiani ilhali asubuhi anga ilikuwa nyeupe. Makala haya yanaichukua methali hii na kuitumia kufafanua jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanafunzi wa tiba: jinsi madaktari wanavyotumia viashiria vya mchochota vilivyomo katika damu ili kukadiria ukali wa nimonia kwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini.

Huenda msomaji akauliza, mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana lipi la kusema kuhusu vipimo vya maabara? Jibu langu limo katika kisa kilichonipata mwenyewe. Miaka michache iliyopita nyanya yangu mzaa mama, aliyekuwa na umri wa miaka 71, alilazwa akiwa na homa, kikohozi na pumzi za haraka. Daktari alitueleza hali yake kwa Kiingereza, nami, kwa kuwa ndiye niliyekuwa chuoni, nikafanywa mkalimani wa jamaa. Nilitafsiri hivi: "Nyanya ana uvimbe katika mapafu, na kipimo cha uvimbe huo kiko juu sana. Kimefika 212."

Mjomba wangu alinyamaza, kisha akanivuta kando. "Mpwa wangu," akasema, "uvimbe tunaujua. Mama yako mkubwa tulimzika kwa uvimbe. Kama ndio huo, heri tumrudishe nyumbani leo, afe akiwa kitandani mwake." Simu zikapigwa, gari likatafutwa, na shuka zikaanza kukunjwa. Muuguzi alipofika kumtundikia nyanya dawa ya mshipani alitukuta tukifunga virago. Akauliza ni nani aliyetuambia kwamba mgonjwa ana saratani. Hakuna aliyetuambia. Ni mimi niliyelitamka neno "uvimbe", na jamaa zangu wakalipokea kwa maana wanayoijua.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba suala la vipimo vya nimonia ni suala la lugha pia. Makala haya basi yana malengo matatu: kwanza, kuchambua maneno tunayoyatumia kuutaja ugonjwa huu na kile kinachopimwa, pili, kueleza viashiria vikuu na namna vinavyosomwa, tatu, kuonyesha mipaka ya viashiria hivyo, ili mkalimani asije akaipa nambari uzito isiostahili kubeba.

Nimonia, kichomi, mkamba: maneno na maana

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya maradhi ya kifua. Neno "kichomi" hutaja maumivu makali ya ubavuni yanayohisiwa kama mchomo, na kwa upanuzi wa maana limetumiwa kuutaja ugonjwa wenyewe wa mapafu. "Mkamba" ni ugonjwa wa njia za kupitishia hewa zinazoelekea mapafuni. "Homa ya mapafu" ni istilahi inayopendwa na vyombo vya habari, nalo "nimonia" ni neno la mkopo ambalo limekwisha kuzoeleka. Katika makala haya nimeteua "nimonia" kwa sababu moja: kichomi ni kile anachokihisi mgonjwa, lakini si kila mwenye nimonia huchomwa ubavuni, hasa wazee. Wapo wazee wanaolazwa bila maumivu wala homa kubwa, ila wamechanganyikiwa tu na hawataki kula.

Nimonia ni maambukizi ya mapafu yenyewe. Mapafu yameundwa kwa mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Vijidudu, wawe bakteria au virusi, vinapovishambulia vifuko hivyo, mwili hujibu: mishipa ya damu hupanuka, majimaji huvuja, na chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali hapo. Vifuko vilivyopaswa kujaa hewa hujaa majimaji na usaha, na mgonjwa akaanza kuhema.

Jibu hili la mwili ndilo ambalo hatuna budi kulitafutia jina linalofaa. Neno "uvimbe" linabeba maana mbili zilizo mbali sana: kufura kwa sehemu ya mwili, kwa mfano kidole kilichobanwa na mlango, na kitu kigeni kinachoota ndani ya mwili. Mjomba wangu alichukua maana ya pili, na hakuwa na kosa. Neno "mwako" lina uzuri wake kwa kuwa linabeba dhana ya moto, ila msikilizaji atauliza ni nini kinachowaka. Mimi ninaunga mkono neno "mchochota", lenye uhusiano na kitenzi chochota, yaani kuuma kwa kuwasha. Halina maana nyingine inayoshindana nayo, na linazalisha istilahi nyingine kwa urahisi: mchochota wa ini, mchochota wa viungo, mchochota wa mapafu. Kigezo cha PEGITOSCA kilichopendekezwa na Kiingi mwaka 1989 kinataka istilahi iwe sahihi, wekevu, yenye kuzalisha na yenye kukubalika. Mchochota unafaulu katika sifa tatu za mwanzo. Ya nne inatutegemea sisi, kwani neno halikubaliki mpaka lisemwe.

Hatuna budi pia kutofautisha "dalili" na "kiashiria". Dalili ni kile anachokihisi mgonjwa au kinachoonekana kwa macho: kikohozi, homa, kuhema. Kiashiria, kwa jinsi ninavyolitumia neno hili hapa, ni kitu kilichomo mwilini kinachoweza kupimwa kwa kiasi na ambacho kupanda au kushuka kwake hutupa habari kuhusu jambo lisiloonekana. Viashiria vya mchochota ni vile vinavyobadilika katika damu mwili unapopambana na maambukizi au majeraha.

Chanzo cha kiashiria: New York, 1930

Kiashiria cha mchochota kinachotumika sana ulimwenguni leo kiligunduliwa katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa wakifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, walikuwa wakiichunguza bakteria ya nyumokokasi, ambayo ni msababishi mkuu wa nimonia. Walitenga kutoka kwa bakteria hiyo sehemu waliyoiita sehemu C. Walipoichanganya na majimaji ya damu ya wagonjwa waliokuwa katika hali mbaya, mchanganyiko uliganda na kutuama. Mgonjwa alipopata nafuu, damu yake haikufanya hivyo tena.

Kitu hicho kilichokuwa kikiitikia sehemu C baadaye kilitambuliwa kuwa ni protini, na hadi leo kinaitwa kwa ufupisho CRP, herufi C ikiwa kumbukumbu ya sehemu ile ya nyumokokasi. Ikumbukwe kwamba mwaka 1930 dawa ya penisilini haikuwa imefika wodini. Daktari wa wakati huo aliweza kuutazama ugonjwa ukipanda na kushuka, wala hakuwa na kingi cha kufanya. Hivyo, tangu siku yake ya kwanza CRP ilitoa habari za aina mbili: kwamba kuna vita mwilini, na kwamba vita hivyo vinaisha. Habari hii ya pili, kama tutakavyoona, ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Viashiria vinavyopimwa

Viashiria ni vingi, ila vinne vinatosha kwa mwanafunzi wa lugha anayetaka kuielewa karatasi ya maabara.

(i) CRP. Protini hii hutengenezwa na ini baada ya kupokea ujumbe wa kikemikali, hasa kutoka kwa intalukini-6, ambayo hutolewa na chembe za kinga. Kwa watu wengi wenye afya kiasi chake huwa chini ya miligramu 10 kwa lita moja ya damu. Maambukizi yanapoanza, huanza kupanda baada ya saa 6 hivi, na huweza kufika kilele baada ya siku mbili. Katika nimonia ya bakteria si ajabu kuona zaidi ya 100, na wakati mwingine zaidi ya 300. Chanzo cha mchochota kinapodhibitiwa, CRP iliyomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kasi hiyo ya kushuka ndiyo inayokifanya kiashiria hiki kiwafae madaktari katika kufuatilia matibabu.

(ii) Prokalsitonini. Hiki ni kitangulizi cha homoni iitwayo kalsitonini, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na tezi ya shingoni. Mwaka 1993 watafiti nchini Ufaransa walitangaza kwamba kiasi chake hupanda sana kwa wagonjwa wenye maambukizi makali ya bakteria, kwani wakati huo sehemu nyingi za mwili huanza kuitengeneza. Hupanda haraka kuliko CRP, na kwa kawaida hupanda zaidi kwa bakteria kuliko kwa virusi. Vipimo vyake ni vidogo: chini ya mikrogramu 0.1 kwa lita huhesabiwa kuwa chini sana, ilhali 0.25 na 0.5 ni mipaka inayotumiwa na madaktari katika kuamua kuhusu dawa.

(iii) Idadi ya chembe nyeupe za damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe baina ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Mgonjwa anapokuwa na 18,000, jamaa hushtuka. Lakini mkalimani aelewe kwamba idadi iliyoshuka chini ya 4,000 kutokana na maambukizi ni mojawapo ya ishara za nimonia kali. Hapa udogo wa nambari ndio hatari. Askari wachache langoni si uthibitisho kwamba adui hayupo. Pengine wamekwisha kuuawa.

(iv) Kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu. Kipimo hiki kikongwe hutazama jinsi chembe nyekundu zinavyoshuka katika mrija kwa muda wa saa moja. Ni rahisi na hakihitaji mitambo mikubwa, ila hupanda na kushuka polepole, na hubadilika kwa umri, ujauzito na upungufu wa damu. Kwa hiyo hakimfai sana daktari anayetaka kujua mgonjwa wa jana yuko wapi leo.

Ukali hupimwaje?

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Je, mgonjwa mwenye CRP ya 212 ana nimonia kali kuliko mwenye 90? Jibu la haraka ni ndiyo. Jibu sahihi ni: huenda, lakini mtazame mgonjwa kwanza.

Ukali wa nimonia, yaani uwezekano wa mgonjwa kufa au kuhitaji mashine ya kupumulia, hukadiriwa kwanza kwa mambo yanayoonekana kando ya kitanda. Kielelezo kinachojulikana sana ni kile cha CURB-65, kilichochapishwa mwaka 2003. Kina alama tano: mgonjwa kuchanganyikiwa, yurea katika damu kuzidi milimoli 7 kwa lita, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu kuwa chini, yaani nambari ya juu chini ya 90 au ya chini isiyozidi 60, na umri wa miaka 65 au zaidi. Kila jambo lina alama 1. Mwenye 0 au 1 huhesabiwa kuwa katika hatari ndogo, mwenye 2 hatari ya wastani, na mwenye 3 au zaidi ana nimonia kali.

Msomaji atabaini kwamba hakuna kiashiria hata kimoja cha mchochota katika orodha hiyo. Nyanya yangu alikuwa na miaka 71, alikuwa akiniita kwa jina la mama yangu, na alikuwa akipumua mara 32 kwa dakika. Alama zake zilikuwa 3 kabla damu yake haijafika maabara. Iwapo ningemwambia mjomba, "Nyanya anahema kupita kiasi na akili yake imetatizika, ndiyo maana hawezi kutoka hapa," angeelewa bila nambari yoyote.

Viashiria basi vina kazi gani? Utafiti uliofanyiwa wagonjwa 570 wa nimonia mjini Edinburgh, Uskochi, na kuchapishwa mwaka 2008, ulitoa mambo mawili yenye faida. La kwanza ni kwamba wagonjwa walioingia hospitalini wakiwa na CRP chini ya 100 walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika siku 30 au kuhitaji mashine ya kupumulia. La pili ni kwamba wale ambao CRP yao haikushuka kwa angalau nusu kufikia siku ya nne walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kifo na ya matatizo kama vile usaha kujaa kifuani. Kwa hiyo nambari mbili zilizopimwa kwa nyakati tofauti hueleza mengi kuliko nambari moja. CRP isiyoshuka humfanya daktari ajiulize: Je, dawa hii ndiyo? Je, kuna usaha uliojificha? Je, huu si kifua kikuu?

Siku ya nne CRP ya nyanya ilikuwa 96. Mjomba, ambaye sasa alikuwa ameanza kuziamini nambari, alifurahi kupita kiasi. "Imeshuka zaidi ya nusu," akaniambia, "basi waambie tumchukue." Daktari alipofika aliitoa barakoa ya oksijeni kwa muda mfupi, na kifaa cha kidoleni kikaonyesha kwamba oksijeni katika damu imeshuka hadi asilimia 86. Akairudisha. Mara hii nilitafsiri kwa makini: kwamba mchochota unatulia na dawa inafanya kazi, ila mapafu bado hayajapona kiasi cha kumudu kazi yake bila msaada. Mjomba akafikiri kidogo. "Kumbe," akasema, "mawingu yamepungua lakini matope bado yapo." Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo darasani. Nyanya alitoka hospitalini siku ya tisa.

Mipaka ya viashiria

Mwanafunzi wa semiotiki atakumbuka kwamba Charles Sanders Peirce (1839–1914) aliziainisha ishara katika makundi matatu: ikoni, inayofanana na kitu inachokiwakilisha, indeksi, iliyofungamana na kitu hicho kwa sababu na matokeo, na simbo, inayotegemea makubaliano ya watu. Si ajabu kwamba nadharia hii inaafiki mada yetu, kwani elimu ya ishara ilikuwa tawi la tiba ya Wayunani wa kale, iliyohusu usomaji wa dalili za magonjwa, kabla haijawa chombo cha wahakiki. Kiashiria cha mchochota ni indeksi. Tatizo la indeksi ni kwamba sababu zaidi ya moja zinaweza kuizalisha.

CRP hupanda katika nimonia, lakini hupanda vilevile baada ya upasuaji, ajali, mshtuko wa moyo, na katika maradhi ya baridi yabisi. Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada: malaria hupandisha CRP na hata prokalsitonini. Mtoto wa pwani au wa kanda ya ziwa mwenye homa, pumzi za haraka na prokalsitonini ya juu huenda ana nimonia ya bakteria, huenda ana malaria, huenda anavyo vyote viwili. Mipaka ya nambari iliyowekwa kwa wagonjwa wa Ulaya haiwezi kuhamishiwa kwetu bila kuchunguzwa. Kwa upande mwingine, mwenye ugonjwa mkali wa ini anaweza kushindwa kutengeneza CRP ya kutosha, na mgonjwa aliyefika mapema, saa chache baada ya kuugua, anaweza kupimwa kabla nambari haijapanda. Hii ndiyo mvua ya anga nyeupe.

Mjadala kuhusu prokalsitonini unadhihirisha mipaka hii vyema. Mwaka 2009 watafiti katika hospitali 6 za Uswisi walitoa matokeo ya wagonjwa 1,359 wenye maambukizi ya njia ya hewa. Wale ambao madaktari wao waliongozwa na prokalsitonini walitumia viuavijasumu, yaani dawa za antibiotiki, kwa wastani wa siku 5.7, ilhali wenzao walitumia kwa siku 8.7, na matokeo ya matibabu hayakuwa mabaya zaidi. Wengi walidhani jambo limekwisha. Lakini mwaka 2018 utafiti wa wagonjwa 1,656 katika hospitali 14 za Marekani haukuona tofauti ya maana: siku 4.2 kwa 4.3. Mwaka 2019 mwongozo wa vyama vya madaktari wa Marekani ukapendekeza kwamba, nimonia inapothibitishwa na dalili pamoja na eksirei, mgonjwa aanzishiwe viuavijasumu hata kama prokalsitonini iko chini. Nambari inaweza kusaidia kuamua lini dawa ikome. Isitumiwe kumnyima mgonjwa dozi ya kwanza.

Hata hivyo, tusije tukavidharau viashiria hivi. Wakati wa janga la UVIKO-19, utafiti mkubwa wa Uingereza kuhusu dawa ya tosilizumabu, ambayo huzuia kazi ya intalukini-6, uliwachagua wagonjwa waliopungukiwa na oksijeni na ambao CRP yao ilikuwa 75 au zaidi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo. Hapa kiashiria kilisaidia kumtambua mgonjwa ambaye mwili wake ulikuwa ukijiumiza kwa mchochota uliopita kiasi, naye akapewa dawa ya kuutuliza. Lakini angalia tena: sharti la oksijeni liliandamana na sharti la CRP. Kiashiria hakikusimama peke yake.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, pale inapowezekana, katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria imetoa haki, lakini sheria haitoi maneno. Maneno yanatoka kwetu. Ikiwa mhudumu wa afya hana neno la Kiswahili, atasema la Kiingereza, na jamaa watamgeukia kijana aliyesoma ili awatafsirie. Kijana huyo mara nyingi ni mmoja wetu, naye hajawahi kufunzwa lolote kuhusu tafsiri ya tiba.

Kutokana na kosa langu, ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kiandae orodha fupi ya istilahi za wodini kwa kushirikiana na wanafunzi wa uuguzi na tiba, kisha orodha hiyo ijaribiwe kwa watu wa kawaida kabla ya kuchapishwa. Istilahi ikimfanya msikilizaji afikirie ugonjwa mwingine, iachwe, hata kama imo katika kamusi. Pili, mkalimani asitoe nambari bila kueleza mambo matatu yanayoandamana nayo: kiwango cha kawaida ni kipi, nambari ya awali ilikuwa ngapi, na mgonjwa mwenyewe anaonekanaje. Tatu, asiyeelewa neno amwombe daktari alieleze upya kabla ya kulitafsiri. Mimi niliona haya kuuliza, na haya hiyo nusura imtoe nyanya yangu kitandani siku aliyohitaji dawa kuliko siku nyingine yoyote.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba viashiria vya mchochota, hasa CRP na prokalsitonini, ni msaada wa kweli katika kukadiria ukali wa nimonia, mradi visomwe pamoja na hali ya mgonjwa na vifuatiliwe kwa siku kadhaa. Vilevile yametetea neno "mchochota" dhidi ya "uvimbe" kwa sababu za kiisimu na za kibinadamu. Wanachama wenzangu wenye neno bora zaidi walilete ukumbini; nia yangu ni kuuanzisha mjadala, wala si kuufunga.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha maneno "uvimbe", "mwako" na "mchochota" kwa kutumia vigezo vyovyote vinne vya uundaji wa istilahi. Ni lipi ungelitumia mbele ya mgonjwa mzee asiyejua Kiingereza, na kwa nini?

2. Mgonjwa wa miaka 40 ana CRP ya 180, anapumua mara 18 kwa dakika, akili yake ni timamu, na yurea na shinikizo lake la damu ni vya kawaida. Jamaa zake wanasema yuko mahututi kwa sababu ya nambari. Waeleze kwa Kiswahili sanifu, katika aya moja, wanachopaswa kuelewa na kwa nini huenda daktari bado akataka kumpima tena.

3. "Kiashiria ni indeksi yenye sababu nyingi." Jadili kauli hii ukirejelea malaria na nimonia katika Afrika Mashariki.

4. Tafuta methali nyingine mbili za Kiswahili zinazoweza kumsaidia mhudumu wa afya kueleza tofauti baina ya ishara na ugonjwa wenyewe. Onyesha pia mahali ambapo kila methali inaweza kupotosha.